Daktari John Boyd Orr na Maziwa ya Wamasai

Wasomaji wetu hututaka mara kwa mara tuwaandikie maisha ya watu waliotangulia, ambao khabari zao zina mafunzo kwa walio hai. Mara nyingi tumewaandikia khabari za wanavyuoni wetu. Leo twapenda kuwaandikia khabari ya mtu asiyekuwa wa mila yetu wala wa nchi yetu, walakini kazi yake mojawapo ilifanywa katika nchi hii ya Kenya, na manufaa yake, pamoja na makosa yake, yangali yanatuhusu sisi na watoto wetu. Ilimu yenye manufaa haina kabila. Mwenye akili huichukua popote aikutapo, baada ya kuipima.

Mtu huyo ni Daktari John Boyd Orr, Mskochi, aliyeshughulika umri wake wote na jambo moja: kwa nini mtoto wa huyu akue na mtoto wa yule adumae.

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara, akifika Mto Athi na kushika njia ya kushoto iendayo Namanga, mji wa kwanza mkubwa atakaoukuta ni Kitengela. Si zamani sana mahali hapo palikuwa uwanda wa malisho, na wanyama wa mwitu wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Leo ni nyumba kando ya nyumba. Akiendelea mbele atapita Isinya, kisha atafika Kajiado. Nchi hiyo ni katika sehemu waliyobakishiwa Wamasai baada ya mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911, walipoondolewa katika malisho yao ya kaskazini wakapelekwa kusini. Katika nchi ya Wamasai, ambayo sehemu yake kubwa leo ndiyo Kajiado na Narok, ulifanywa ule utafiti ambao kwa ajili yake tumeshika kalamu. Walakini kwanza tumjue mwenyewe.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi ya Scotland. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, na watu wa nyumba yao walikuwa ni washika dini. Alipofika miaka 19 alikwenda mji wa Glasgow kusomea ualimu. Huko ndiko macho yake yalikoona jambo ambalo hakulisahau mpaka kufa kwake. Mitaa ya mafukara ya mji ule ilikuwa imejaa watoto wenye miguu iliyopinda kwa udhaifu wa mifupa, wenye chawa, wenye nyuso za njaa. Alipopewa kazi ya kusomesha katika skuli ya mtaa kama huo, aliiacha baada ya siku chache tu, kwa kuwa aliona ya kwamba mtoto asiyekula hawezi kufundishwa kitu.

Basi baada ya kusomesha mahali pengine kwa miaka michache, alirejea chuo kikuu akiwa mtu mzima, akasoma ilimu ya viumbe na utibabu, akawa daktari mwaka 1912. Alifanya kazi ya udaktari wa meli kwa miezi michache ili alipe deni lake. Kisha akachagua njia ambayo haikuwa na mali nyingi: badala ya kuwatibu wagonjwa wa kulipa, alikwenda kuchunguza vyakula.

Mwaka 1914 alipelekwa Aberdeen aanzishe chuo cha kuchunguza malisho na vyakula. Alipofika hakukuta chuo. Kabla hajajenga cha maana vilikuja vita vikuu vya kwanza, naye akaenda kuwa daktari wa jeshi katika mapigano makali ya Ufaransa na Ubelgiji, akapata nishani za ushujaa. Vita vilipokwisha alirudi katika kazi yake. Tajiri mmoja aitwaye John Quiller Rowett alimsaidia kwa mali, akiweka sharti kwamba lolote litakalogunduliwa katika chakula cha wanyama lenye kuwafaa wanaadamu lisiachwe bila ya kufuatwa. Chuo hicho, kilichoitwa kwa jina la Rowett, kilifunguliwa mwaka 1922.

KUTOKA KWA WANYAMA HATA KUFIKA KWA WATOTO

Kazi ya kwanza ya chuo ilikuwa ni ya mifugo. Orr na wenzake walitaka kujua kwa nini katika baadhi ya malisho ng'ombe na kondoo hukonda ilhali nyasi zipo. Wakaona ya kwamba nyasi huenda zikawa nyingi kwa macho lakini zikapungua madini, kama vile chokaa na fosfori, na mnyama akashiba huku mwili wake wahitaji. Neno hili, msomaji, usilipitie juu juu. Kushiba ni jambo moja na kulishwa ni jambo jingine.

Kutoka hapo alijiuliza: ikiwa hivi ndivyo kwa ndama, je, mtoto wa mtu? Katika miaka ya 1926 na 1927 alisimamia majaribio katika skuli za miji ya Scotland. Watoto wengine walipewa maziwa kila siku, wengine hawakupewa, kisha wote wakapimwa urefu na uzito. Waliopata maziwa walikua zaidi, na siha zao zikaonekana kuwa bora. Wakati ule ule wafugaji walikuwa wakilalamika kwamba maziwa hayana wanunuzi. Yaani chakula kilikuwapo, na wenye haja nacho walikuwapo, lakini baina yao palikosekana pesa. Mwaka 1934 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwapa watoto maziwa skulini kwa bei nafuu.

KAZI YAKE KATIKA NCHI YA WAMASAI

Uchunguzi wa madini ya malisho ndio uliomfikisha kwenye khabari za Kenya. Kwa kushirikiana na Daktari John Langton Gilks, aliyekuwa mkubwa wa idara ya utibabu ya Kenya, katika miaka ya mwisho ya 1920 ulifanywa utafiti wa kuwalinganisha watu wa makabila mawili yaliyo jirani, Wamasai na Wakikuyu. Mavuno yake yalichapishwa London mwaka 1931.

Sababu ya kuwachagua hao ilikuwa wazi. Wanakaa karibu karibu, lakini chakula chao kilikuwa mbali mbali. Mmasai alitegemea maziwa, nyama na damu ya ng'ombe. Mkikuyu alitegemea nafaka, viazi, ndizi na kunde. Waganga waliwapima watu urefu, uzito na nguvu za mikono, wakatazama meno, mifupa na damu yao.

Walisema kwamba mwanamume wa Kimasai kwa wastani alimzidi mwenziwe wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na nguvu zake zilizidi kwa nusu nzima. Mwanamke wa Kimasai naye alizidi kwa inchi 3 na ratili 27. Kwa Wakikuyu waliona zaidi mifupa iliyopinda, meno yaliyooza, upungufu wa damu, maradhi ya mapafu na madonda ya miguu. Kwa Wamasai waliona zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. Basi wakahukumu kwamba sababu kubwa ni chakula: huyu ana maziwa na nyama, yule hana, na chakula cha nafaka peke yake hakina chokaa ya kutosha kujenga mwili.

Khabari hii ilienea sana. Kabla yake, wengi katika watawala walidhani kwamba udhaifu wa Mwafrika ni tabia ya kuzaliwa, au ni uvivu, au ni mbu na minyoo tu. Orr na Gilks waliwaambia watazame chungu. Hilo lilikuwa neno kubwa kwa wakati wake, na twamshukuru kwalo.

MAKOSA YA KAZI ILE

Walakini si desturi yetu kumsifu mtu mpaka tukaficha kosa lake. Mwenye kuandika maisha ya watu ni kama shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kusema nusu.

Utafiti ule ulikuwa na upungufu, na wataalamu wa baadaye wameueleza. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia kuuchunguza mwaka 1997. Kwanza, haikutosha kusema chakula cha Wakikuyu au chakula cha Wamasai kana kwamba kila mtu wa kabila alikula sahani moja. Katika nyumba moja mume hula hivi na mke vingine; wanawake wa Kikuyu, kwa mfano, walikuwa wakila mboga za majani zenye chokaa, ambazo wanaume hawakuzipenda. Pili, majirani hawa walikuwa wakiuziana na kubadilishana vyakula tangu zamani. Tatu, na hili ndilo kubwa, waganga walipima miguu iliyopinda na hawakupima ardhi iliyochukuliwa. Mkulima aliyepokonywa shamba, akatozwa kodi ya nyumba, akaenda kufanya kazi ya mkono mbali na watu wake, chakula chake kitakuwaje? Maradhi yake yaliandikwa katika daftari ya daktari, na sababu yake ilikuwa katika daftari ya serikali.

Jambo jingine lilikuwa halijulikani wakati ule. Watu wazima wengi duniani tumbo zao haziyawezi maziwa mabichi. Mwaka 2007 wanachuoni wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha ya kuwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko katika urithi wa miili yao linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani bila ya taabu, na kwamba badiliko hilo ni la maelfu ya miaka. Wenye kuchunguza hali ya hewa ya kale nao watueleza asili ya mambo haya. Jangwa la Sahara lilikuwa hapo kale nchi ya nyasi na maji. Mvua zikapungua, na yapata miaka 5,000 iliyopita likawa kavu. Wafugaji na mifugo yao wakashuka kusini kidogo kidogo, wakapita upande wa Ziwa Turkana, hata yapata miaka 3,000 iliyopita wakawa wamefika kusini ya Kenya. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba mafuta ya maziwa yamekutwa katika vigae vya vyungu vyao vya kale, vilivyofukuliwa Kenya na Tanzania. Basi mwili wa mfugaji wa Kajiado una ndani yake khabari ya mababu wengi na ya mvua zilizokatika kabla ya historia kuandikwa. Ukiulinganisha na wa jirani yake, na ukataka kuhukumu kwa chakula peke yake, hukumu yako itapungua.

Kulinganisha watu ni kazi ngumu, hata palipo na nia njema. Mwaka 1930, huko huko Scotland katika jimbo la Lanarkshire, serikali ilifanya jaribio la maziwa kwa watoto 20,000. Nusu yao walipewa na nusu hawakupewa. Lakini walimu waliachiwa nafasi ya kubadilisha majina, na kwa huruma zao yaonekana waliwaingiza watoto dhaifu katika kundi la maziwa. Mwaka wa pili yake mtaalamu wa hisabati, William Gosset, alionyesha kwamba makundi mawili hayakuwa sawa tangu mwanzo, na kwa hivyo mizani iliharibika. Huruma ni jambo jema, walakini mahali pake si juu ya mizani.

Kazi ya namna hii ilifanywa kwa utaratibu bora hapa kwetu miaka mingi baada ya Orr. Kuanzia mwaka 1998, wilayani Embu, skuli 12 ziligawanywa kwa kura. Watoto wa skuli nyingine walipewa githeri yenye nyama, wa nyingine githeri na maziwa, wa nyingine githeri iliyozidishwa mafuta, na wa nyingine hawakupewa chakula skulini. Waliopata nyama walionekana kuendelea zaidi katika mtihani wa kufikiri, na maziwa yalisaidia urefu wa wale wadogo waliokuwa wamedumaa. Basi Orr hakukosea katika asili ya jambo. Alikosea katika kulifanya jepesi.

CHAKULA NA KIPATO

Mwenyewe Orr hakusimama pale aliposimama mwaka 1931. Yale ambayo hakuyatazama Kenya aliyatazama kwao. Mwaka 1936 alitoa kitabu kuhusu chakula, siha na kipato. Aliwagawanya watu wa Uingereza katika madaraja sita kwa mapato yao, akaangalia kila daraja lala nini. Akaonyesha kwamba ni nusu tu ya watu wa nchi ile tajiri waliokuwa na chakula cha kutimiza siha, na kwamba daraja la chini kabisa walipungukiwa na kila kitu mwili unachokihitaji. Baadhi ya wakubwa hawakupendezwa, kwa kuwa hesabu ile iliwaambia ya kwamba maradhi ya maskini si ujinga wao wa kupika bali ni wepesi wa mfuko wao.

Vilipokuja vita vikuu vya pili, shauri lake lilisikizwa. Chakula kiligawanywa kwa kipimo, na watoto na wenye mimba wakatangulizwa katika maziwa. Nchi ilikuwa katika dhiki, lakini mafukara wengi walikula vizuri zaidi kuliko siku za amani. Mwenye kufikiri na afikiri: walikosa siku za wingi, wakapata siku za uchache. Kilichobadilika ni ugawaji.

SHIRIKA LA CHAKULA NA MWISHO WAKE

Oktoba 1945 iliundwa FAO, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, naye akachaguliwa kuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 65. Mwaka 1946 alileta shauri la kuundwa baraza la chakula la dunia, litakalonunua na kuweka akiba wakati wa wingi na kutoa wakati wa ukame, ili bei isimwangushe mkulima wala njaa isimuue maskini. Mataifa makubwa, Marekani na Uingereza mbele, hayakukubali. Mwaka 1948 aliondoka katika kazi ile akiwa na huzuni. Mwaka 1949 alipewa tunzo ya Nobel ya amani, na fedha zake akazitoa kwa jumuiya zilizokuwa zikifanya kazi ya amani. Alifariki Juni 1971 nyumbani kwake Scotland, naye ana miaka 90.

MAFUNZO KWETU

Maziwa ya skuli yalifika Kenya mwaka 1979, miaka minane baada ya kufa kwake, na wengi katika wasomaji wetu waliyanywa, wakayaita maziwa ya Nyayo. Mpango ule ulidhoofika hata ukafa katika miaka ya 1990. Huko Kajiado, ambako Orr na Gilks walidhani kwamba maziwa hayakosekani, mvua zilikosekana msimu baada ya msimu kuanzia mwaka 2020 hata 2022, na ng'ombe wakafa kwa wingi. Ng'ombe akifa, kibuyu cha mtoto hukauka siku ile ile. Na mzazi aliyekwisha kuuza malisho yake na kuhamia chumba cha kupanga mjini, maziwa kwake ni kitu cha kununua kwa pesa kama anunuavyo mtu wa Mombasa.

Tusidhani basi kwamba jambo hili ni la wafugaji wa bara. Mtoto wetu wa pwani aamka asubuhi akapewa chai ya mkandaa na mkate, akaenda skuli au chuoni, na mwalimu akamlaumu kwa kusahau. Tumbo limejaa, na mwili haukupata kitu. Dagaa wapo, mchicha upo, kunde na mbaazi zipo, na bei ya hivyo haizidi sana bei ya soda na vitafunio vya pakiti tuwanunuliavyo watoto. Na wale ambao kweli hawana, jirani zao watatoa sahani za arusi nusu zikatupwa, na kesho yake mtoto wa mlango wa pili akalala na uji wa maji. Dini yetu imemfanyia mtoto mchanga haki ya kunyonya miaka miwili, na imeweka haki ya maskini katika mali ya tajiri. Haki hizo hazikusubiri mpaka mganga wa Scotland atupimie.

Tungependa kila mwenye kusimamia chuo au madrasa katika miji yetu ajiulize swali alilojiuliza kijana yule katika mtaa wa Glasgow kabla hajamnyanyulia mtoto fimbo: huyu amekula nini leo? Na akiisha kujua, asiishie hapo, aulize la pili ambalo Orr mwenyewe alichelewa kuliuliza: kwa nini hana? Penye jawabu la swali la pili ndipo penye kazi yetu, matajiri kwa mali zao, wenye ilimu kwa nasaha zao, na wenye madaraka kwa uadilifu wao.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikia na kutenda.